Figa la Tatu

Jiko la kwanza nililojenga kwa mikono yangu lilivunjwa siku mama mkwe aliporudi kutoka Mumbuni, hata kabla hajavua viatu vyake vya safari. Sijui kama naweza kulieleza jambo hili sawasawa. Shule niliiachia darasa la saba, na kila nikiandika naona nimejipendelea. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata yule aliyeshika sururu.

Kwanza niseme nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kujaribu. Miaka hiyo ya tisini, nikisikia jambo jipya kanisani au sokoni, sikutulia mpaka nami nilifanye. Nilipika sabuni kwa kostiki soda, ikaruka ikanibabua mkono toka kiwiko hadi kiganja, na kovu ninalo. Nilitengeneza jamu ya mapapai, ikachacha ndani ya chupa, na chupa zikapasuka kabatini moja baada ya nyingine, mume wangu akaingia na panga akidhani tumevamiwa. Nilisuka vikapu vya kiondo kwa nyuzi za sweta kuukuu mpaka vidole vikatoka damu. Chapati zangu za muhogo mbwa alizinusa akaenda zake. Sukuma wiki niliyopanda kwenye gunia ndiyo peke yake iliyonipa heshima, na hiyo nayo mbuzi wa jirani aliila ikabaki gunia.

Mume wangu alinicheka kwa haya yote, lakini hakunikataza. Hilo ni lake na nalisema. Yeye alifanya kazi kichinjioni mjini, mahali ambapo wafanyabiashara Wasomali walileta ng'ombe na mbuzi wao. Kuchinja kwenyewe walichinja wao, kwa kisu chao na kwa jina la Mungu. Kazi ya mume wangu ilikuwa kumkamata mnyama, kumpiga mwereka, kumlalia, na baada ya hapo kuchuna na kukata. Alirudi kijijini kwetu Kola jioni na damu kwenye kucha. Mtu anayeangusha ng'ombe kutwa nzima, mikono yake haijui kupunguza nguvu akifika nyumbani. Sisemi hivyo kumtetea. Wako wengine waliofanya kazi ile ile na hawakuwagusa wake zao.

Sasa jiko. Kikundi chetu cha kina mama kilitembelewa na msichana mmoja aliyetumwa na kanisa, akatufundisha kujenga jiko la udongo linalokula kuni kidogo. Unachukua udongo wa kichuguu, mchanga, majivu na mavi ya ng'ombe, unakanda kwa miguu mpaka visigino viwake. Unalaza vipande vya mgomba pale moto utakapokaa, unapiga udongo juu yake kwa ngumi, kwa nguvu, usiache hewa. Ukikauka unang'oa mgomba na tundu linabaki. Nilipenda ile kazi ya kupiga. Nilipiga udongo ule kama mtu mwenye hasira, na huenda nilikuwa na hasira, sijui. Lilipokauka lilikuwa zuri, laini kama mtungi. Kuni nilizokuwa nikimaliza kwa siku mbili zikanifikisha wiki.

Lakini ili jiko likae, mafiga yalilazimika kutoka.

Hapa lazima nieleze. Siku niliyoolewa, mama mkwe alikuja na mawe matatu mgongoni, ameyafunga kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, vile sisi hubeba kuni. Aliyachukua kwenye jiko lake mwenyewe, kwa kuwa mke wa kitinda mimba ndiye anayerithi moto wa mama. Akapiga magoti jikoni kwangu akayapanga. Hili lako, akasema, hili la mtoto wangu, na hili langu. Lake lilikuwa na mshipa mweupe unaopita katikati kama uzi. Akasema siku jiwe lake litakapotolewa, watu watajua amekufa, maana katika nyumba yao figa la mama halitoki mpaka mama azikwe. Kwetu Katangi sikuwahi kusikia desturi kama hiyo. Nilidhani ni maneno ya harusi, kama mengine mengi. Na baada ya miaka ya moshi, mawe yote matatu yalikuwa meusi, hakuna aliyeweza kuyatofautisha.

Basi nikayang'oa. Moja nikalizuilia mlango wa kuku. La pili mume wangu akawa analikalia akinawa miguu, hata hakuuliza limetoka wapi. La tatu lilienda kwenye ukuta.

Ukuta ulikuwa kazi ya kikundi. Tulikuwa na mwethya, yaani kina mama tunakutana kulima au kujenga kwa mmoja wetu, na siku nyingine kwa mwingine. Mwaka huo tuliziba korongo lililokuwa likila mashamba yetu. Mawe ya karibu yalikuwa yameisha kwenye matuta, na mwenyekiti wetu akaagiza kila mama aje na jiwe lake la nguvu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa, na fimbo ya mumewe tuliijua sote. Nilibeba figa langu ndani ya gunia. Sikuona ajabu kwamba wengine nao walikuja na magunia yao yamefungwa mdomo. Tuliimba, tukajenga, tukaenda nyumbani.

Wakati huo wote mama mkwe alikuwa Mumbuni kwa binti yake aliyejifungua. Alirudi siku ya katikati ya wiki, mchana, watoto wakiwa shuleni. Mume wangu alikuwa amemleta. Alikuwa na desturi ya kuingia jikoni kwanza, anainama, anagusa jiwe lake kwa ncha za vidole, ndipo anakaa apewe maji. Aliingia. Nikamsikia ametulia. Akatoka, akakaa chini kwenye udongo wa uwanja, si kwenye kiti, na maji nilipompelekea aliyaweka kando.

Mume wangu akamuuliza kuna nini.

"Mke wako amenizika," akasema. "Na mimi bado natembea."

Sitaki kuongeza chumvi. Alilisema kama mtu anayesoma tangazo, bila ukali, na hakumwambia mwanawe anipige. Nilimwambia mawe yapo, nikakimbia nikaleta lile la kuku na lile la kunawia. Aliomba kisu. Akakwangua masizi kwenye la kwanza, akakwangua la pili. Hakukuwa na weupe. Ndipo nikajua kwamba katika matatu, nililolibeba kwenda korongoni ndilo lake.

Mume wangu aliingia jikoni na sururu. Nilisikia pigo la kwanza, sauti nzito, halafu udongo ukimwagika. Nilifanya kosa la kuingia nyuma yake. Nilimshika mkono nikisema jiko halina hatia. Alinipiga kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Nilipoanguka alitumia mpini. Jino la pembeni lilinitoka na sikulitema, nililimeza. Nakumbuka nikiwa nimelala pale nikaona kipande cha jiko chenye alama ya ngumi yangu, ile ya siku ya kukanda, na karibu yake uso wangu, na nikafikiri kwamba vyote viwili vimepigwa vizuri. Ni wazo la kijinga lakini ndilo nililokuwa nalo.

Mama mkwe alisema "Inatosha" mara moja tu, kwa sauti ndogo. Sijui kama mwanawe alisikia. Aliacha kunipiga, hata hivyo.

"Hiyo jiwe iko wapi?" akaniuliza mume wangu.

Nikamwambia liko kwenye ukuta wa korongo.

"Enda ulete. Ukikosa, leo leo unarudi kwenu Katangi, na hawa watoto hutawaona tena. Nitawaambia ulikufa. Si wewe unapenda kuzika watu?"

Sikuwa na shaka kwamba angefanya hivyo. Dada yake mkubwa alirudishwa kwao namna hiyo hiyo na mumewe, na watoto wake walikua wakimwita shangazi. Nikachukua mtaimbo nyuma ya nyumba nikateremka. Yeye alibaki juu na mama yake.

Mwenyekiti alikuwa korongoni tayari, akipanda nyasi kwenye mchanga uliojikusanya. Aliniona uso na damu, akaona mtaimbo. Hakuniuliza nani amenipiga. Aliniuliza naenda kufanya nini. Nilipomwambia natafuta jiwe langu, alikuja akasimama kati yangu na ukuta.

Alianza kwa upole. Alisema mvua iko karibu, na ukuta ukifunguliwa sasa mashamba ya watu wote yatakwenda na maji. Alisema atakuja kuongea na mume wangu, atamletea jiwe lingine zuri kuliko hilo. Yote yalikuwa ya maana. Nami nikamwambia mashamba si watoto wangu. Nikaingiza mtaimbo kati ya mawe mawili nikabonyeza.

Hapo alinikamata nywele kwa nyuma. Katika daftari hili ninaloandikia, mwanzo niliandika kwamba ni yeye aliyenipiga kwanza. Lakini nikifikiri naona kwamba kumvuta mtu nywele si kumpiga, na kwamba mimi ndiye niliyegeuka na chuma mkononi. Tulishikana. Alinigonga kichwa kwenye ukuta, nikamng'ata bega mpaka nikasikia ladha ya shati lake na ya nyama yake. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Akaniambia kwa sauti ya chini, tena na tena, "Acha, mjinga, acha, utatuua." Nilidhani anasema mimi na yeye. Nikainua mtaimbo nikampiga kwenye mkono, chini ya kiwiko, na nikasikia mfupa.

Hakulia. Aliangukia ukuta kwa uzito wake wote, na pale nilipokuwa nimefungua, mawe yakaachia. Yakaporomoka kati yetu.

Moja lilikuwa jeusi upande mmoja. Nikaliinamia. Halafu nikaona lingine nyuma yake, jeusi pia, lina masizi yanayong'aa kama ya sufuria. Na lingine. Na ndani zaidi, kwenye giza la ukuta, mengine bado, yamepangwa kwa uangalifu, upande wa masizi ukitazama ndani.

Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa amekaa chini ameushika mkono wake kama mtoto mchanga.

"Umeona sasa," akasema. "Hiyo ndogo ni yangu. Ya mama ya mzee wangu."

Kumbe desturi ile haikuwa ya nyumba yetu peke yake. Kila mama aliyejenga jiko jipya alikuwa na figa la kuficha, na kila mmoja alikuwa ameona ukuta ndio kaburi zuri. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Yeye alijua kwa sababu ndiye aliyepanga mawe.

"Mzee wako hajui?" nikamuuliza, yaani mumewe.

"Akijua, hii mkono umevunja itakuwa salamu tu."

Nilitaka kisu. Nilitaka kukwangua moja baada ya jingine nipate mshipa mweupe. Nilianza kukwangua kwa ncha ya mtaimbo, lakini masizi yalikuwa yameloa na kushikana na tope, na juu kule mume wangu alikuwa ameanza kuniita. Akaita tena, karibu zaidi. Alikuwa anateremka.

Niandike wazi nilichokifikiria, maana hapa ndipo sijiamini. Sikufikiria kina mama wenzangu kwanza. Niliwafikiria watoto. Nilifikiri, nikisubiri afike, atabomoa mwenyewe, atalipata jiwe la mama yake, na mimi nitabaki. Nilifikiri hivyo vizuri kabisa. Halafu nikaufikiria mdomo wake kichinjioni, na wanaume wa Kola wote wanaofanya kazi pale, na kila mmoja akirudi nyumbani jioni hiyo kwenda kuhesabu mafiga. Nikaona sururu nyingi.

"Chukua yoyote," mwenyekiti akasema. "Chukua, uende. Mimi nitafunika."

Nikachukua lile lililokuwa karibu na mguu wangu. Nililifunga kwa leso mgongoni, leso ikapita kwenye paji la uso, juu ya jeraha, nikapanda. Nilikutana naye njiani katikati. Alitaka kuliona, nikageuka akaliona jeusi, akaridhika kidogo. Lakini akatazama chini. Mwenyekiti alikuwa ameketi juu ya lile tundu, sketi yake ameitandaza pande zote kama kuku anayelalia mayai, amekunja uso.

Mume wangu akamwuliza amekuwaje.

"Uliza bibi yako," akajibu kwa nguvu. "Amenivunja mkono kwa sababu ya jiwe. Nitampeleka kwa chifu."

Mume wangu akanitazama, akacheka, na cheko lile liliniuma kuliko mpini.

"Kumbe unajua kupiga," akasema.

Tukapanda pamoja. Yeye alitembea nyuma yangu, na kila hatua nilijua kwamba huenda nimebeba jiwe la mtu mwingine, la mama wa mtu mwingine, na kwamba kisu kiko juu kinangoja.

Mama mkwe alikuwa palepale kwenye udongo. Nilimwekea jiwe mbele ya magoti. Mwanawe alisimama karibu yake, sururu imeegemea paja. Alilikwangua polepole. Masizi yalitoka kwa vipande, chini yake kukaonekana rangi ya kahawia. Akakwangua upande mwingine. Kahawia. Nilikuwa nimesimama juu yake na niliona kila kitu. Hakukuwa na mshipa, hakukuwa na weupe wowote. Nikaanza kumpangia kichwani mtoto wangu mdogo nani atamfunga vifungo vya shati la shule.

Alilipindua jiwe, ule upande uliokwanguliwa ukaelekea tumbo lake.

"Ndiyo hii," akasema.

Mwanawe hakusogea.

"Nimesema ndiyo hii. Ama unataka kunifundisha mawe yangu?" Hapo sauti yake ilipanda, mara ya kwanza siku hiyo. "Na hiyo sururu irudishe ulikoitoa. Huu udongo umemwaga utaukanda wewe. Jiko ya huyu msichana irudi vile ilikuwa, na hizi mawe tatu zikae ndani yake."

"Mwaitu," akasema mume wangu, kwa Kikamba, vile mtoto humwita mama yake.

Jumapili iliyofuata alikanda. Mwanamume mzima, ndani ya mavi ya ng'ombe hadi kwenye vifundo vya miguu, mlango wa jikoni umefungwa ili jirani asimwone. Alikanda kwa hasira, udongo ukiruka hadi kwenye dari. Sikumsaidia. Nilisimama nikimwambia mahali pa kuweka mgomba, na meno yangu yakiuma. Mawe matatu tuliyazungushia udongo, masikio yake tu yakabaki nje kushika sufuria. Lilikuwa jiko zuri kuliko la kwanza, lazima niseme, kwa sababu ngumi zake ni nzito kuliko zangu.

Alinipiga tena miaka iliyofuata, kwa mambo mengine. Kwa habari ya mafiga hakunigusa tena. Sijui nihesabu hilo upande gani.

Mume wangu alipokuwa amerudi kazini, mama mkwe aliniita nikae naye. Alinifungua mdomo akatazama pengo, kisha akafungua wake akanionyesha mapengo mawili upande wa juu. Baba yao, akasema, kwa sababu ya chumvi kwenye maharagwe. Alifunga mdomo.

"Yangu iko kwa ukuta?" akauliza.

"Iko, mwaitu."

"Na hii nimeketisha hapa ni ya nani?"

Nilifungua mdomo kumwambia sijui, na ilikuwa kweli. Akaniwekea mkono juu ya midomo, ile midomo iliyovimba, ikauma.

"Usiniambie," akasema. "Huyo mama yake ni rafiki yangu, yeyote awe. Hiyo yangu inazuia maji?"

"Inazuia."

"Basi iache."

Mwenyekiti hakunipeleka kwa chifu. Alimwambia mumewe kwamba alianguka kutoka ukutani, na mumewe akamchapa kwa kuvunjika mkono msimu wa kupanda. Hilo aliniambia yeye mwenyewe, bila kunilaumu, na nimelibeba. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Kina mama wa kikundi wakija kwangu kunywa chai, huwa naona macho yao yakienda kwenye jiko, kwenye yale masikio matatu meusi, kila mmoja akijiuliza, halafu wanauliza habari za watoto.

Ukuta ulishika, isipokuwa pale nilipobomoa. Hapo haukushikana vizuri. Kila mvua ikinyesha maji hupenya, na kila mvua mimi na mwenyekiti tunateremka kabla wengine hawajaamka kuziba, mimi na udongo wa kichuguu, yeye na mawe madogo, akiyasukuma ndani kwa ule mkono uliopinda.